Kula kwa Mhindi bila kuvunja kibubu

Miongoni mwa maneno yanayopendwa sana na watu wetu wa mwambao wanapokuwa safarini bara ni kwamba hoteli ya Mhindi ni ya wenye pesa. Wasemao hivyo huipita mlangoni, wakainusa harufu ya bizari, wakameza mate, kisha wakaenda kununua viazi vya kukaanga na soda kando ya barabara. Wengine huingia mara moja kwa mwaka, wakaagiza kuku wa tanduri na nani zilizopakwa siagi, na bili iletwapo wakaapa kwamba hawatatia mguu tena. Mimi nasema makundi yote mawili yamepotea njia. Hoteli ya Mhindi, kwa mtu ajuaye kuagiza, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mwenye kipato kidogo anaweza kula akashiba, akapata chakula chenye nguvu, na asivunje dini yake wala kibubu chake.

Nayasema haya kutoka Kabras, katika jimbo la Kakamega, ambako kazi imenikalisha mbali na bahari. Msomaji wa Mombasa au Lamu pengine atacheka. Atasema, Kabras na mapishi ya Kihindi wapi na wapi? Jina la Kabras leo linajulikana kwa sukari, na kwa timu ya raga iliyotwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Hata hivyo, ndugu msomaji, fuatana nami kidogo.

SUKARI GURU

Kabras ni nchi ya miwa. Ukitoka mjini Kakamega ukashika barabara ya Webuye, unapita Malava na msitu wake, na kutoka hapo miwa imesimama kushoto na kulia kama jeshi. Kabla ya viwanda vikubwa vya sukari nyeupe kushika kasi, na hata baada yake, miwa mingi ya Magharibi imekuwa ikisagwa katika vinu vidogo, maji yake yakachemshwa katika makarai makubwa ya wazi mpaka yakaganda yakawa sukari guru. Vinu hivyo vingi vilianzishwa na Wahindi. Hata neno lenyewe linasema limetoka wapi: *gur* ndilo jina la sukari hiyo katika Kihindi. Mkulima wa Kabras ambaye hajapata kuiona bahari hutamka neno la Bara Hindi kila aendapo sokoni, wala halimshtui.

Wahindi hawakuanguka kutoka mbinguni. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa kuijenga waliletwa vibarua kama 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wa Punjab: Waislamu, Mabaniani na Makalasinga. Wapatao 2,500 walifia kazini. Waliobaki baada ya mikataba yao kwisha walikuwa chini ya 7,000. Wafanyabiashara nao walikuwa na njia yao. Allidina Visram, ambaye jina lake vijana wa Mombasa hulisoma kila siku kwenye lango la shule, alitandaza maduka kutoka mwambao mpaka Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Na dhahabu ilipopatikana karibu na Kakamega mwaka 1931, watu wakafurika huko, na penye watu duka halikosi. Penye duka pana familia, na penye familia pana jiko.

Kwa hiyo mapishi ya Kihindi yalifika Kabras zamani, ila yalivua kilemba njiani. Leo chapati ndiyo fahari ya sikukuu katika nyumba za Wakabras. Mgeni huchinjiwa kuku, maana heshima ya Mluhya ni kuku, lakini watoto hupiga makofi kwa sababu ya chapati. Sambusa zinauzwa stendi ya Malava. Chai ya tangawizi ipo kila kibanda. Ni jambo la kuzingatia kwamba mkate ambao kwa Mhindi ni wa kila siku, kwa jirani yake umekuwa wa Krismasi na arusi. Chakula ni kile kile, unga ni ule ule. Kilichobadilika ni macho ya mlaji. Na hapo ndipo penye hoja yangu.

DALI NI MBAAZI

Kabras yenyewe si mji wa hoteli za Kihindi. Atakaye kukaa mezani na kuletewa sinia hupanda matatu mpaka Kakamega, kiasi cha kilomita 20 kutoka Malava, au akashika njia mpaka Kisumu, kilomita 50 zaidi, ambako Wahindi wamekaa tangu siku za reli. Na afikapo huko, mtu wetu wa pwani hufanya nini? Hufungua karatasi ya bei, akatazama nyama kwanza. Akiona dali, hugeuza uso. Dali, husema, ni chakula cha wagonjwa na wafungwa.

Sasa nimuulize mwenzangu huyu: mbaazi je? Asubuhi njema ya Mombasa ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Hakuna mtu wa pwani anayeona aibu kuzila, awe tajiri wa Nyali au mchukuzi wa Marikiti. Basi na ajue kwamba ile dali ya njano anayoletewa na Mgujarati, aghalabu ni mbaazi hizo hizo, zimemenywa ganda na kupasuliwa vipande viwili. Wao huita *tur*. Mbaazi za ardhi yetu husafiri mpaka kwao kwa meli, na hata mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka kiwango cha mbaazi zinazoruhusiwa kuingia, wakulima wa Lindi na Mtwara waliumia sana kwa kuanguka kwa bei. Chakula ambacho nchi nzima ya India inakitafuta ng'ambo ya bahari, sisi tunakigeuzia uso kwa sababu kimeletwa bila nazi!

Majina nayo hutupotosha. Huku Kabras ukisema unataka dengu, au ndengu kama wasemavyo wenyewe, utaletewa pojo, zile nafaka ndogo za kijani ambazo wengine huziita choroko. Kwetu pwani dengu ndizo zile tunazosaga unga wa bajia. Adesi ni nyingine, nyekundu, huiva upesi. Ukiyajua majina haya manne, mbaazi, pojo, dengu na adesi, umeshajua nusu ya jiko la Mhindi, na ni nusu iliyo rahisi kwa bei.

Wala si chakula dhaifu. Kikombe kimoja cha adesi zilizopikwa kina gramu 18 hivi za protini. Walichokigundua wazee wa Kihindi bila ya maabara ni kwamba dali isiliwe peke yake. Hufuatana na wali au chapati, kwa maana kile ambacho nafaka za jamii ya kunde zimepungukiwa, mchele na ngano hukileta, na kinyume chake. Juu ya hayo huja mboga, kijiko cha mtindi, kachumbari, na achari ya embe au ndimu ya kuamsha ulimi.

Na utamu wake hautoki katika ghali. Dali huchemshwa kwa manjano na chumvi tu mpaka ikalainika. Mwishoni mpishi huweka samli au mafuta katika kikaango kidogo, yakipata moto hutupa bizari nyembamba, kitunguu saumu, pilipili kavu, na wakati mwingine majani ya mchuzi. Vikishalia na kutoa harufu, humimina vyote juu ya dali kwa mara moja. Bizari ya senti chache imekipa chungu kizima roho. Mama zetu wanaijua siri hiyo. Ndiyo maana harufu ya jikoni pwani na harufu ya jikoni kwa Mhindi ni ndugu wa baba mmoja.

SUALA LA HALALI

Najua neno litakalofuata. Msomaji atasema: wewe watuambia tuingie kwa Mhindi, na nyama je, nani aliyechinja?

Swali hili ni la haki, na lazima lijibiwe kwa uwazi. Kwanza, Mhindi si mmoja. Yuko Bohora, yuko Memon, yuko Mkokni, yuko Ismailia na Ithnaasheri, na hawa ni Waislamu. Yuko Baniani ambaye pengine hajaonja nyama tangu kuzaliwa. Yuko Mjaini ambaye hata kitunguu huenda asile. Na yuko Kalasinga, ambaye akishika dini yake sawasawa hali nyama iliyochinjwa kwa namna yetu, kama vile sisi tusivyokula iliyokatwa kwa namna yake. Kwa hiyo kuona maandishi ya Kihindi mlangoni hakukuambii kitu. Uliza. Kuuliza si utovu wa adabu, na mwenye hoteli mwaminifu hachukii kuulizwa. Huku Magharibi nyama ya halali haikosekani, hasa upande wa Mumias, ambako misafara ya watu wetu ilifika katika karne ya 19 na Uislamu ukatia mizizi kwa Wawanga. Lakini si kila jiko hununua huko.

Pili, na hili ndilo kubwa, nyumba ya Kihindi isiyopika nyama kabisa inamwondolea Mwislamu shaka yote ya kuchinja. Chungu hakikuingia nyama. Kijiko hakikukoroga nyama. Mafuta ya mnyama asiyeliwa hayana nafasi, maana mwenye nyumba mwenyewe amejiharamishia kila mnyama. Aghalabu nyumba za namna hiyo hazina hata baa, tofauti na hoteli nyingi kubwa ambazo chupa zimepangwa ukutani, na mtu wa dini hukaa akijikunyata. Zinazochanganya nyama na mboga ni lazima uangalie zaidi, uulize kama vyungu na mafuta ya kukaangia ni mbali mbali.

Nimeona madereva wa malori wa kwetu, watu wazima wenye watoto, wakishinda kwa mkate mkavu na chai siku tatu mfululizo kwa kuogopa nyama ya bara. Hofu yao naiheshimu. Tumbo lao nalihurumia. Dawa ilikuwa upande wa pili wa barabara, kwenye sinia la dali, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Mtu anayeendesha usiku kucha akiwa na njaa anajihatarisha yeye na wengine; jambo hili si la mzaha.

Tena kuna uzuri mwingine hapo. Mimi na Kalasinga hatuwezi kuchangia nyama: yake siili, yangu haili. Lakini dali tunaila sote, bila mmoja kumuuliza mwenzake ni nani aliyeshika kisu. Katika nchi yenye dini nyingi kama hii, meza ya namna hiyo si kitu kidogo.

JINSI YA KUAGIZA

Basi atakaye kula vizuri kwa pesa kidogo na afuate haya. Bei sizitaji, kwa kuwa hubadilika mji kwa mji na mwezi kwa mwezi.

Nenda mchana, usiende usiku. Mchana hoteli hulisha watu wa kazi, na chakula hupikwa kwa wingi. Usiku hulisha watu wa starehe, na kila sahani hupikwa peke yake.

Uliza kama kuna thali. Hilo ni sinia la chuma lenye vibakuli vidogo: dali, mboga mbili, mtindi, achari, papadi, pamoja na wali na chapati. Hulipiwa kwa bei moja. Katika nyumba nyingi za Kigujarati mhudumu hupita na ndoo akikuongezea mpaka uweke mkono juu ya sinia. Lakini uliza kabla, kwa sababu si kila nyumba huongeza bure.

Kama hakuna thali, kaa na mwenzio. Mchuzi wa Kihindi huletwa katika bakuli linalotosha watu wawili, mkate hulipiwa mbali. Bili hainenepeshwi na mchuzi. Huneneshwa na vile vinavyoagizwa bila kufikiri: vitafunio vya mwanzo, nani ya siagi badala ya chapati, soda tatu, na kitu kitamu cha mwisho. Siku moja Kisumu tulikaa watu watatu. Tuliagiza dali moja, biringani moja, wali mmoja na chapati sita. Meza ya jirani alikaa bwana mmoja na kuku wake wa tanduri. Tulipolipa, bili zetu zilikuwa karibu sawa, nasi tulikuwa watatu.

Jihadhari na jibini yao, paniri. Ni tamu, lakini si ya mwenye bajeti. Lita nzima ya maziwa haitoi hata robo kilo ya jibini hiyo, na gharama yake anaibeba mlaji. Viazi, biringani, bamia, mchicha na dengu nzima ndivyo rafiki zako.

Kunywa maji, kisha malizia chai. Uliza kimepikwa nini leo asubuhi. Kilichopikwa leo kwa chungu kikubwa ndicho kizuri na ndicho rahisi. Agiza kidogo, uongeze baadaye. Dini yetu imetufundisha kuligawa tumbo theluthi tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi, na anayefuata fundisho hilo hana haja ya mafunzo mengine ya bajeti.

Na jambo moja la adabu: kula kwa bei nafuu si kumpunja mpishi. Usibishane bei iliyoandikwa. Usiache nusu sinia kwa sababu tu nyongeza ni ya bure.

SOMO LA MAKINDU

Wasafiri wa Mombasa na Nairobi wanaijua Makindu. Hapo kando ya njia pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, siku za reli, na mpaka leo mpita njia yeyote hukaribishwa chakula bila malipo. Hakuna nyama. Ni dali, mboga, wali, chapati na chai. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na tumbaku wala pombe, unakula pamoja na waliokuja kwa gari la fahari na waliokuja kwa miguu.

Kama Mwislamu aingie ale humo au asiingie, wa kuulizwa ni shekhe wako, si mwandishi wa gazeti. Mimi nautaja mji huo kwa somo moja. Watu hao wana uwezo wa kupika watakacho. Wamechagua dali na chapati kuwa chakula cha heshima kwa wageni wote. Tajiri hapewi chungu chake. Kwa nini basi sisi, ambao tunasoma kila siku kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mola, tunaona mgeni hajakaribishwa mpaka akatwe mbuzi wa mkopo? Nawajua watu walioingia deni kwa karamu ya siku moja, wakala sima na chumvi mwezi mzima. Tumeifanya nyama kuwa kipimo cha utu, na kipimo hicho kinatutia umaskini.

YETU NA YAO

Yuko atakayesema kwamba nawasifu Wahindi na kuwasahau wetu. La hasha. Wakabras wana kunde, wana saga, wana mrenda, wana maharage yaliyopondwa pamoja na viazi vitamu, vyakula ambavyo daktari yeyote angevisifu. Pwani tuna mbaazi, pojo za nazi, mchicha na matembele. Ninalosema ni kwamba jiko la Mhindi limehifadhi jambo ambalo sisi tunalitupa: kumpa heshima mlo usio na nyama, kuutia viungo, kuupanga kwenye sinia safi, na kuuuza bila haya. Pilau tuliipokea kwa njia ya bahari, biriani tuliipokea, kachumbari, chapati na achari tulizipokea pamoja na majina yake. Tulichokiacha bandarini ni dali, nacho ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote.

Kwa hiyo nawaomba wenye hoteli wetu, wa Mombasa na Malindi, na hata wa vibanda vya Malava: tuwekeeni sinia la mchana. Pojo au mbaazi, mboga ya majani, wali au chapati mbili, kachumbari na kipande cha ndimu, kwa bei moja inayojulikana. Mwalimu atakula, utingo atakula, mwanafunzi atakula. Nanyi vijana wetu mnaopelekwa bara na kazi, msikae na njaa mkilinda fahari. Ulizeni kilicho halali, agizeni kwa akili, mle mshibe, na pesa iliyobaki ipelekeni nyumbani kwa mama.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kuona vingine na aandike. Ukurasa huu ni wake pia.